Nani ataulizwa gari la msikiti linapoanguka?

Na katibu wa kamati ya msikiti, Dar es Salaam

Karatasi yenyewe haikuzidi ukubwa wa kiganja. Iliandikwa kwamba gari liende Muheza mazishini, abiria wasizidi 14, na fedha ya mafuta itolewe. Chini yake ipo saini yangu. Nimeihifadhi karatasi hiyo ndani ya jalada la kamati, na kila mwanzo wa mwezi, ninapoandaa ratiba ya magari, huitoa nikaitazama kabla sijaandika jambo lolote.

Ilikuwa siku ya Jumatano. Dereva wetu, kijana wa mtaani aliyelelewa katika madrasa yetu hii hii, aliingia ndani ya Hiace saa 11 alfajiri kwenda kuwachukua watoto wa shule yetu ya awali. Alizunguka asubuhi, akazunguka mchana, na jioni akawarudisha watoto wa madrasa majumbani mwao. Saa 10 jioni alipoegesha gari alijua kwamba siku yake imekwisha. Baada ya Isha ikaja taarifa ya msiba: mzee mmoja wa jamaa zetu amefariki Muheza na atazikwa kesho baada ya Adhuhuri. Jamaa wakaomba gari. Nikasaini. Saa 4 usiku wakaondoka.

Walifika saa 10 alfajiri. Dereva akapata usingizi wa saa mbili juu ya mkeka, kisha akaamshwa kwenda kufuata mchanga na maji ya makaburini. Saa 12 jioni ya Alhamisi wakaanza safari ya kurudi, wakaswali Magharibi Segera, wakaendelea. Hesabu niliyoifanya baadaye, ambayo nilipaswa kuifanya kabla, ni hii: kutoka saa 11 alfajiri ya Jumatano hadi saa 2 usiku wa Alhamisi ni saa 39. Ndani ya saa hizo, kijana wetu alilala saa mbili tu.

Walipokwisha kuvuka Mkata, kulikuwa na manyunyu. Dereva alisinzia. Alipozinduka, gurudumu la kushoto lilikwisha toka nje ya lami. Akakanyaga breki, matairi ya nyuma, ambayo fundi alikwisha tuambia mara mbili kuwa yamekwisha, yakateleza. Gari likalala ubavu ndani ya mtaro. Walikuwamo watu 19.

Mimi nilikuwa barazani msikitini nikihesabu fedha za sanduku pale simu ilipoita.

Alhamdulillah, hakuna aliyefariki. Wanne walilazwa hospitali. Muadhini wetu, mzee aliyeadhini kwa zaidi ya miaka ishirini, alivunjika paja. Leo anaswali akiwa ameketi kitini, safu ya mwisho karibu na mlango, na adhana inatolewa na mwingine.

Tulisema ni kadari

Siku ya kwanza tulisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Siku ya tatu tukasema ni uzembe wa dereva. Ndugu msomaji, zitazame kauli hizo mbili kwa makini. Ya kwanza ni ya kweli, kwani hakuna jani linaloanguka nje ya ujuzi wa Mola wetu. Ya pili nayo ina sehemu ya ukweli. Lakini zote mbili zilitufaa sisi wanakamati kwa namna moja: hakuna hata moja iliyotugusa.

Aliyevunja ukimya ni dereva mwenyewe. Alinijia baada ya swala ya Alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya plasta, akaniuliza swali moja: "Ustadh, lau yule mzee angekufa, ningefunga miezi miwili mfululizo?"

Alikuwa akikusudia hukumu iliyomo katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, inayomhusu anayemuua muumini kwa kukosea. Humo mna mambo mawili: diya kwa warithi wa aliyeuawa, isipokuwa wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini, asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Nikamjibu kwamba wanavyuoni wanaiweka ajali ya barabarani, pale dereva anapokuwa amekosea, katika mlango huo huo wa kuua kwa makosa. Akainamisha kichwa. Kisha akauliza tena, kwa sauti ya chini: "Na aliyenituma?"

Swali hilo sikulijibu siku ile.

Mchimba shimo na mwenye kutumbukia

Jibu nililisoma chuoni, na nililifanyia mtihani nikafaulu, nikalisahau siku nilipokabidhiwa muhuri wa kamati. Mafaqihi wanawagawa wanaoleta madhara katika makundi mawili. Wa kwanza ni mubaashir, yaani aliyelitenda jambo kwa mkono wake. Wa pili ni mutasabbib, yaani aliyeweka sababu iliyoleta madhara. Mtendaji hudhamini alichokiharibu hata kama hakukusudia. Mwenye kusababisha hudhamini pale alipovuka mpaka au alipozembea. Mfano ulio maarufu vitabuni ni wa mtu anayechimba shimo katika njia ya watu bila haki wala ruhusa. Mpitaji akitumbukia usiku akafa, mchimbaji hawezi kujitetea kwamba yeye alikuwa amelala nyumbani kwake. Tena mafaqihi wa madhehebu ya Shafi hawakuishia katika diya. Wamesema kafara nayo yamhusu mchimbaji huyo, ingawa mkono wake haukumgusa marehemu.

Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei, na miongoni mwa mambo lililoyaamua ni suala la ajali za barabarani. Baraza lilieleza kwamba kuzifuata kanuni za usalama barabarani ambazo hazipingani na sharia ni wajibu wa kisharia, kwa kuwa zimewekwa kwa ajili ya maslahi ya watu. Likaeleza pia kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, ila katika hali chache, kama vile nguvu isiyoweza kuzuilika, au kosa la mtu mwingine lililoleta ajali hiyo. Kwa hiyo Muislamu anayepita taa nyekundu, au anayejaza watu 19 ndani ya gari la 14, asidhani kwamba hesabu yake ni kwa askari wa usalama barabarani peke yake.

Nitawaachia wanavyuoni kupambanua fungu la dereva na fungu la kamati katika ajali yetu. Lakini nilipoyarudia maandishi hayo nilijua kwamba usingizi wa yule kijana ulikuwa shimo, na tairi lililokwisha lilikuwa shimo la pili, na watu watano wa ziada walikuwa shimo la tatu. Yote matatu yalichimbwa kabla gari halijatoka nje ya uzio wa msikiti. Na mmoja wa wachimbaji alitia saini.

Mwili wa mwanadamu una mipaka

Tuseme wazi jambo la usingizi, kwa sababu wengi wetu tunalichukulia kuwa ni udhaifu wa mtu mvivu. Watafiti wa usingizi wameonesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo wa kuona, kuamua na kutenda kwa kiwango kinachokaribiana na cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu. Anapotimiza saa 24, hali yake huwa mbaya zaidi, takriban mara mbili ya hapo. Sisi ambao tusingemruhusu mlevi kuukaribia mlango wa msikiti, tulimkabidhi watu 19 mtu ambaye mwili wake ulikuwa katika hali isiyotofautiana sana na ya mlevi. Tulifanya hivyo kwa nia njema, tena tukamuombea dua.

Fikiri pia kuhusu mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva akifumba macho kwa sekunde tatu tu, gari limekwisha kwenda mita 66 bila mwenyewe, na hiyo ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Kahawa, tangawizi na kufungua dirisha haviwezi kuziba pengo hilo. Dawa ya usingizi ni kulala.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limekadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya tisa katika kila vifo kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wazazi wa Tanzania hawahitaji kukumbushwa Mei 6, 2017, pale basi la wanafunzi kutoka Arusha lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto wale walikuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima.

Gari la taasisi ni mahali pa kazi

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa, na nadhani si letu peke yetu. Misikiti, shule za Kiislamu, vituo vya mayatima na hata biashara za familia zetu sasa zina magari. Tunayaita magari ya kheri, tukadhani kwamba jina hilo linatosha kuyalinda. Mwajiri wa kiwanda anajua kwamba mashine yake inaweza kukata mkono wa mfanyakazi, hivyo anaweka kinga. Sisi hatukuwahi kufikiri kwamba usukani nao ni mashine, na kwamba kwa dereva, barabara ndiyo karakana yake.

Sheria ya nchi imeliona hilo. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri anapaswa kujisajili na kuchangia ili mfanyakazi anayeumia kazini asiachwe akiomba. Dereva wetu hakuwa na mkataba wa maandishi wala hakuwa amesajiliwa popote. Gharama za plasta yake zilipatikana kwa kupitisha kofia baada ya swala ya Ijumaa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na kutombebesha mtu aliye chini yetu mzigo asiouweza. Sisi tulikuwa tukimlipa kwa wakati, tukajiona tumetimiza. Sehemu ya pili ya mafunzo hayo hatukuigusa.

Duniani, taasisi zenye magari mengi zimejiwekea utaratibu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 39001, kinachohusu usimamizi wa usalama barabarani ndani ya taasisi. Ukikisoma utakuta mambo ambayo Muislamu hawezi kuyaona mageni: wakuu wa taasisi wawajibike wenyewe, hatari zitambuliwe kabla hazijaleta madhara, malengo yawekwe, mambo yaandikwe, kisha watu wajihesabu. Kwetu tunaita amana, tahadhari na muhasaba. Imepokewa, kwa matamshi tofauti, kwamba Amirul Muuminina Umar bin Khattab (r.a.), akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Kiongozi yule hakusema kwamba Iraq ina wasimamizi wake.

Zulia linaweza kungoja

Kamati ilikutana wiki mbili baada ya ajali. Katika mfuko wa msikiti kulikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya zulia jipya kabla ya Ramadhani. Matairi manne na matengenezo ya breki yalihitaji sehemu kubwa ya fedha hizo. Mjadala ulikuwa mkali. Baadhi walisema, na walikuwa na haki, kwamba fedha iliyotolewa kwa nia ya zulia haifai kuhamishwa bila ridhaa ya waliochanga. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu ambaye huzungumza mara chache, akasema: "Basi tukawaulize waliochanga. Zulia linaweza kungoja. Paja la muadhini halikungoja."

Ijumaa iliyofuata tulisimama tukawaeleza waumini kisa chote, pamoja na karatasi yangu, tukaomba ridhaa. Nilitazamia lawama. Zilikuja, lakini ridhaa ilikuja pia, na ikaja na michango mipya. Wako waliosema kwamba walikuwa wakiliogopa gari lile siku nyingi, ila waliona haya kulisema kwa kuwa ni gari la msikiti.

Tukawaomba kinamama wa msikiti, ambao watoto wao hupanda gari hilo kila siku, watuambie wanachokiona. Tulidhani watalalamika juu ya mwendo kasi wa dereva. Walilalamika, lakini mama mmoja akaenda mbali zaidi. Alikuwa ameandika muda wa gari kwa siku kumi. Akatuonesha kwamba tulikuwa tumempangia dereva mizunguko mitatu ndani ya dakika 90, katika barabara ambayo asubuhi ina msongamano, na kwamba mzunguko wa tatu haukuwahi kuwezekana bila kukimbia. Mwendo kasi ule, akasema, umeandikwa na kamati katika ratiba. Hatukuwa na la kujibu. Tukapunguza vituo, wazazi wakakubali kuwakusanya watoto sehemu chache zilizo salama pembeni mwa barabara, na kundi la tatu likasogezewa mbele muda wa kuanza masomo kwa nusu saa.

Utaratibu tuliojiwekea

Nauandika hapa utaratibu wetu kwa kuwa misikiti na shule kadhaa zimeuomba. Hauhitaji utaalamu mkubwa wala fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya gari kutoka, swali la mwanzo ni kama safari hiyo inahitaji gari letu. Mabasi ya abiria ya kwenda Tanga yapo kila siku. Safari isiyofanyika kwa gari la msikiti ni hatari iliyoondolewa.

Pili, dereva ana daftari la saa zake. Hapewi safari ndefu kama siku hiyo amekwisha fanya kazi ya kutwa, na haanzi safari bila kulala usiku kamili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva wa lori au basi hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Sisi tumeweka mapumziko baada ya kila saa mbili hadi tatu, na safari inayozidi saa sita huenda na madereva wawili.

Tatu, idadi ya abiria ni idadi ya viti. Hakuna anayesimama wala anayeketi juu ya ndoo katikati. Tumefunga mikanda katika viti vyote, na gari haliondoki mpaka imefungwa. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa walioketi mbele kwa karibu nusu, na walioketi nyuma nao wanafaidika.

Nne, kila asubuhi dereva na mwanakamati mmoja hulizunguka gari: matairi, breki, taa, vifuta mvua, vioo, milango. Huchukua dakika kumi. Matairi tunatazama vijia vyake na pia umri wake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa. Penye 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuonekana jipya na huku limezeeka dukani. Na fundi akiandika kwamba kitu kimekwisha, gari haliondoki mpaka kibadilishwe, hata kama ni siku ya maulidi.

Tano, simu ya dereva hukaa kwa konda au ndani ya kisanduku. Utafiti unaonesha kwamba anayetumia simu akiendesha anakabiliwa na hatari ya ajali mara nne zaidi. Sisi wanakamati tumejikataza kumpigia dereva akiwa njiani. Zamani tulikuwa tukimpigia kumuuliza amefika wapi, kisha tukamlaumu kwa kupokea.

Sita, dereva ana mkataba, ana leseni ya madaraja ya C ambayo ndiyo ya magari ya abiria, na amesajiliwa katika Mfuko wa Fidia. Ana haki ya kusema, "Leo nimechoka, siendeshi," bila kukatwa mshahara wala kununiwa. Sharti hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kupitishwa, na ndilo linaloyabeba mengine.

Saba, kila tukio, hata kukwaruzwa au kuponea chupuchupu, huandikwa. Mwisho wa mwezi tunayasoma pamoja na dereva akiwemo, tukitafuta sababu kabla ya kumtafuta mkosaji.

Ramadhani inataka hesabu yake. Dereva aliyeswali tarawehe, akaamka kula daku, kisha akafunga, anapofika saa 11 jioni huwa amechoka, na ndiyo saa ambayo kila mtu barabarani anakimbilia futari. Mwezi huo tunawarudisha watoto mapema, na ndani ya gari kuna tende na maji, ili adhana ikimkuta njiani asimame afuturu kwa utulivu. Vivyo hivyo Ijumaa. Mtume (s.a.w.) alitukataza kuiendea swala kwa kukimbia, akatuamrisha utulivu. Katazo hilo limewahusu wanaotembea kwa miguu; vipi kuhusu anayekimbia kwa gari lenye uzito wa tani mbili? Na msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Ameondolewa sababu ya kukimbia.

Neno kwa wazazi

Mzazi anayempeleka mtoto shule yoyote, ya Kiislamu au nyingine, ana haki ya kuuliza. Gari lina viti vingapi na linabeba watoto wangapi? Dereva anaanza kazi saa ngapi na anamaliza saa ngapi? Baada ya kuwashusha watoto, gari hilo linafanya biashara nyingine usiku? Matairi yalibadilishwa lini? Ndani ya gari kuna mtu mzima mwingine anayewashusha watoto na kuwavusha barabara? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Na ukijibiwa kwamba gari ni la msikiti hivyo usiwe na wasiwasi, basi hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Wenye biashara nao watazame majumbani mwao. Kijana wa duka lako anayepeleka mizigo kwa pikipiki ni amana yako. Kofia ngumu yake ni jukumu lako kabla ya kuwa lake, na haraka unayomtaka afanye itaandikwa katika hesabu yako.

Msiba wa pili

Miezi saba baada ya ajali, ukaja mtihani. Saa 3 usiku familia moja ilibisha hodi kwangu. Wamefiwa Korogwe, wanataka gari usiku ule ule. Nikafungua daftari: dereva alikuwa ameanza kazi alfajiri. Nikawaambia gari litaondoka baada ya swala ya Alfajiri, dereva akishalala.

Walinikumbusha kwamba sunna ni kuharakisha mazishi. Ni kweli, na sikuikana. Nikawaambia kwamba haki ya maiti ni kuzikwa mapema, na haki hiyo wanaweza kuitimiza walioko Korogwe bila kutungoja. Atakayechelewa anaweza kumswalia marehemu kaburini, Mtume (s.a.w.) alifanya hivyo kwa yule aliyekuwa akiufagia msikiti, alipozikwa usiku bila yeye kuarifiwa. Lakini sunna ya kuharakisha janaza haikuja ili itupatie majeneza mengine. Yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake ategemee, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kumfunga ngamia kwetu sisi usiku ule kulikuwa ni kumwacha dereva alale.

Waliondoka baada ya Alfajiri, wakafika asubuhi, wakazika baada ya Adhuhuri, wakalala huko, wakarudi kesho yake salama. Wengi wao walinishukuru. Mmoja, mtoto mkubwa wa marehemu, alisema nilimfanya asiukoge mwili wa baba yake. Hadi leo salamu yangu huijibu kwa ufupi, naye nampa udhuru, kwa sababu uchungu wake ni wa kweli. Namuomba Mwenyezi Mungu amrehemu baba yake na ausafishe moyo wake juu yangu.

Lakini karatasi ya ruhusa ya safari ile nayo nimeihifadhi ndani ya jalada lile lile, nyuma ya ile ya Muheza. Na swali la dereva wetu nilimjibu hatimaye, tukiwa tumekaa barazani baada ya Isha. Nilimwambia: aliyekutuma naye ataulizwa.

Mola atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitunza amana zao. Wabillahi tawfiq.